Kiti Kilicho Juu ya Tenki

Siku mjukuu wangu aliposema geji ya mafuta ya gari la babu yake inatengenezeka, nilimchukia. Wala si kidogo. Nilimchukia kama mwanamke anavyomchukia mke mwenzake aliyeletwa nyumbani bila yeye kuulizwa. Na huyu mtoto nimemlea mwenyewe tangu ana meno mawili, mama yake alipokwenda Mwanza kutafuta maisha. Nimemtafunia nyama. Nimembeba mgongoni mpaka hospitali akiwa anawaka homa. Lakini jioni ile, amesimama uani na ovaroli lake la gereji, anapangusa mikono, anamwambia babu yake, "Hiki ni kitu kidogo tu, babu, Jumapili nakimaliza," nilitamani arudi kwa mama yake na basi la asubuhi.

Gari lenyewe ni la zamani, la miraba minne, rangi yake kama majani ya kiangazi. Mume wangu aliliendesha alipokuwa dereva wa serikali, akawapeleka maofisa vijijini miaka na miaka. Lilipochoka likauzwa kwa mnada, naye akalinunua, kwa sababu alisema hawezi kulala akijua mtu mwingine anashika gia zake. Mimi hajawahi kuniambia neno kama hilo. Siku hizi mji umejaa magari mapya, na tukisimama kwenye taa vijana wenye vitambulisho vya ofisi shingoni wanalipiga picha kwa simu. Nikiwa ndani huwa nainua kidevu.

Tenki la mafuta la gari hili liko chini ya kiti cha abiria. Ukitaka kuweka mafuta, abiria anashuka, mto wa kiti unainuliwa, na hapo chini ndipo ulipo mdomo wa tenki na kifuniko chake. Abiria nilikuwa mimi. Kiti kile kilikuwa changu, kimebonyea kwa umbo langu, mwembamba akikaa anazama.

Geji ilianza kuugua zamani, watoto wetu wakiwa bado shuleni. Mshale ulikuwa kama mlevi. Tukipanda kilima unasema mafuta yamejaa, tukishuka unasema yamekwisha. Mume wangu akatukana, akagonga kioo, akachoka. Mwisho akakata kijiti cha mti wa mkole, kirefu kama mkono wangu kutoka begani, akakichonga alama sita kwa kisu. Akanipa. Akasema, "Mama, kuanzia leo geji ni wewe."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi kazi ya kusoma kitu. Na kusoma kijiti si mchezo, usidhani. Unakishusha wima, unaacha kiguse chini, unakichomoa haraka na unatazama hapo hapo, maana petroli hukauka upesi. Ukipepesa macho imeshafutika. Ndipo nasema, "Nne kasoro." Na mume wangu, mtu asiyesikiliza mtu, alikuwa hawashi gari mpaka niseme. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hatujaenda shamba letu la zabibu njia ya Mvumi, alikaa na ufunguo mkononi ananisubiri. Vidole vyangu vilinuka petroli mpaka nikawa naisikia kwenye ugali. Sikulalamika hata siku moja.

Basi macho yake yakaharibika. Presha ya macho. Daktari akamwambia mwanga na kivuli ataviona, lakini usukani asishike tena. Alikaa wiki nzima hasemi. Kisha mjukuu akasema, "Babu, mimi nitakuendesha." Ni fundi umeme wa magari, anafanya kazi gereji moja huko Makole, na leseni anayo. Mume wangu akacheka, kicheko ambacho mimi nilikuwa nimekitafuta wiki nzima kwa uji na kwa maneno nikakikosa. Akasema, "Huyo ndiye mke wangu mdogo. Ameniokoa."

Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na bibi humwita mke mwenza. Ni utani, watu wote wanatania hivyo. Alipokuwa mdogo nilikuwa namwambia, "Wewe mke mwenza, mume wetu anataka maji ya kuoga, leo zamu yako," naye anakimbia na kopo. Watu wanacheka. Nimecheka na mimi miaka zaidi ya ishirini. Lakini utani ule uliniishia mdomoni Jumamosi ya kwanza aliyoshika usukani.

Mbele kuna viti viwili tu. Cha katikati mume wangu alikwishaking'oa, akaweka sanduku la spana. Mjukuu akakaa kwa dereva. Mume wangu akapapasa mlango wa upande wangu, akaufungua, akakaa kitini kwangu. Nikabaki nimesimama na kijiti.

"Mama, panda nyuma na makreti," akasema. "Benchi lipo."

"Na mafuta?"

"Aa. Haya, pima."

Akashuka. Nikainua mto, nikapima, polepole kuliko siku zote. Nikasema tatu. Akarudi akakaa. Nikapanda nyuma na makreti matupu, nikaenda mpaka shamba nikitazama visogo viwili kwenye kidirisha, kimoja cha mvi na kimoja cha rasta, vinageukiana na kucheka. Walichocheka sikukisikia, gari lilikuwa linanguruma.

Tuliporudi, jirani yangu aliniona nikishuka. Ni Mrangi wa Kondoa, anauza mafuta ya alizeti barazani kwake, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Mwenzangu, leo umepakiwa na mzigo?"

"Nalinda zabibu."

"Unalinda zabibu, bwana na bibi harusi wako mbele. Kwetu mke mkubwa anakaa mbele, mke mdogo anashika kuku nyuma."

"Kwenu Kondoa mna magari?"

"Tuna punda. Punda hana kiti cha pili, ndiyo maana hatugombani."

Nilicheka ili asijue. Nikaingia ndani nikajipangusa vumbi, nikajiambia: kijiti bado ninacho. Mara mbili kila safari, kabla ya kutoka na kabla ya kurudi, mzee alikuwa lazima anishukie kutoka kwenye kile kiti na kuniuliza. Mara mbili ndizo zilizobaki zangu. Sasa huyu mtoto anataka kuiamsha geji, na geji ikiamka, mimi ni wa makreti mpaka nife.

Kulikuwa na jambo jingine pia, la aibu zaidi. Nilijua kilichomo ndani ya tenki.

Miaka mingi nyuma, mshale ukiwa bado unalewalewa, tulikuwa Mvumi tunajiandaa kurudi mjini. Mume wangu akamwona mwalimu mmoja wa kike kando ya barabara na begi lake, amevaa viatu vya kisigino kwenye mchanga ule. Akasema tumpe lifti. Akasema mwalimu akae mbele kwa sababu ya nguo zake. Nguo zangu mimi hakuziuliza. Kabla hatujaondoka akaniambia nipime. Nikainua mto wa kiti changu, yule mwanamke amesimama pembeni anajipepea na daftari, nikakisukumiza kile kijiti ndani ya tenki kama mtu anayetwanga. Kikagonga kitu. Kikalia ka. Nilipokichomoa kilikuwa kifupi. Nikasema, "Nne," bila kuona kitu. Nikapanda nyuma.

Tangu siku hiyo mshale haukulewa tena. Ulilala. Mume wangu akasema waya umekatika, basi, akaacha kugonga kioo. Mimi nikaenda porini nikakata mkole mwingine, nikachonga alama sita kwa kukumbuka, nikaupaka masizi na mafuta uonekane wa zamani. Hakujua.

Basi ikaja Jumapili ile. Tulipotoka kanisani mjukuu akavaa ovaroli. Mume wangu akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa gari, uso kauinua, anasikiliza. Mimi nilikuwa napepeta mtama hatua chache kutoka pale.

"Tunaanza na fyuzi, babu."

"Ya pili kutoka kushoto."

"Umejuaje na huoni?"

"Nimeishi na hili gari kuliko nilivyoishi na bibi yako."

Wakacheka wote wawili. Nikapepeta mpaka mtama ukaruka nje ya ungo.

Fyuzi ilikuwa nzima. Akachukua kitaa chake kidogo chenye waya na ncha kama sindano, akagusa nyuma ya geji, kikawaka; umeme unafika. Kila alichofanya alimweleza babu yake, taratibu, neno kwa neno, na mzee anaitikia, "Eee. Haya. Eee," kama mtu anayelishwa. Mimi katika miaka yote ile sikuwahi kuelezwa gari linakwendaje. Nilipewa kijiti.

"Sasa tunataka kujua mgonjwa ni nani," mjukuu akasema. "Geji au tenki. Ule waya unaotoka tenkini nauchomoa, naugusisha kwenye chuma cha gari. Geji itadhani tenki limejaa. Mshale ukipanda mpaka juu, geji ni nzima, ugonjwa uko ndani ya tenki. Usipopanda, ugonjwa uko huku mbele."

"Mke wangu ana akili," akasema mzee.

"Za bibi," akajibu yeye.

Sikuipokea ile sifa. Niliiona inapita.

Skrubu za juu ya tenki zilikuwa zimegoma kwa kutu, kwa hiyo ilimbidi alale chini ya gari, mahali waya unapounganishwa karibu na gurudumu. Ukiwa pale geji huioni. Akapaza sauti, "Bibi, babu hawezi kuuona mshale. Njoo uniangalizie."

Nikaweka ungo chini. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, mahali nisipowahi kukaa tangu gari lile linunuliwe. Ufunguo ulikuwa umezungushwa, umeme umewashwa. Nikautazama mshale.

"Nagusisha," akasema chini ya miguu yangu.

Mshale ukaamka. Ulipanda taratibu, kama mtu mzima anayeinuka kwenye mkeka, ukapita nusu, ukaenda ukaegemea mwisho kabisa.  Ulikuwa mzuri, nitasema ukweli.

"Bibi, umesogea?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, shingo kaiinamisha kuelekea kwangu, anasubiri. Ananisubiri mimi niseme, kama zamani.

"Haujasogea," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Umelala kama maiti."

Nikamwona mzee mabega yanashuka. Nikashuka garini, nikarudi kwenye mtama wangu. Nikapepeta, na mtama haukumwagika tena.

Kuanzia hapo mjukuu alihangaika kwa ajili ya ulimi wangu. Jumatatu alirudi kutoka kazini akaanza moja kwa moja, akavuta waya mpya kutoka geji mpaka tenki. Akalala chini, akagusisha, akauliza. Nikasema haujasogea. Mshale ulikuwa juu kabisa, unanitazama. Jumanne akalala tena chini akapima viungo vyote kimoja kimoja, akatoka na mchanga kwenye nyusi, akauliza, nikasema vile vile. Mzee akasema, "Acha, mke wangu, gari limezeeka kama mimi," kwa sauti iliyonichoma. Lakini nilishikilia uongo wangu. Usiku uliopita nilikuwa nimemsikia mzee akimwambia mjukuu, "Ukiitengeneza hii, tutakuwa tunasafiri bila wasiwasi," na nikajiuliza hiyo tutakuwa ni ya watu wangapi.

Jumatano akaifungua geji yenyewe, akaondoka nayo kwenye mkoba. Jioni akanikuta jikoni nasonga ugali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Asubuhi ulishanisalimia."

"Nakusalimia tena. Nina neno."

Akaweka geji juu ya meza, ndogo kama kifuniko cha sufuria ya chai.

"Fyuzi nzima," akasema. "Waya mpya, nimevuta kwa mkono wangu. Geji nimeipima gereji kwenye betri, mshale unapanda na kushuka kama wa dukani. Kilichobaki hakijapimwa ni wewe."

Nikaendelea kusonga. Ugali ulikuwa umeiva zamani.

"Unaniita mwongo?"

"Sikuiti kitu. Nimelala chini ya gari siku tatu, nina mchanga mpaka masikioni. Nataka kujua kama nalala tena au basi."

Nilimgeukia na mwiko. "Wewe mke mwenza umenichukulia kiti changu."

Akanitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye waya. "Mimi nakaa kwa dereva, bibi. Kiti chako amekaa babu."

 Ilikuwa kweli, na sikuwa nimewahi kuitazama. Hasira yangu haikutaka kwenda kwa mzee, kwa sababu mzee haoni, na mtu asiyeona utamkasirikiaje? Ikaenda kwa huyu mwenye macho.

"Ungeniambia tu," akasema.

"Nikuambie nini? Kwamba bibi mzima na mvi zake anamwonea wivu mtoto aliyemtawaza?"

Akaanza kucheka, akauma mdomo. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka, lakini sikumpa.

"Basi tenki," akasema. "Kesho natia mafuta kwenye zile skrubu zilainike, Ijumaa nafungua."

Nikaona hakuna pa kukimbilia. Nikamwambia atakachokikuta. Nikamweleza kijiti, na siku kilipovunjika, na mwalimu, na viatu vyake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea karibu, akasema polepole, "Usijali, bibi. Nitakitoa nikitie mfukoni. Nitasema ni kutu. Babu si haoni?"

Alisema kwa mapenzi. Najua. Lakini neno lile lilinikera kuliko yote. Kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyelianza, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha dereva nikatumia macho yangu kumdanganya mtu asiye na yake. Na pili kwa sababu sikutaka huyu mtoto awe na siri yangu mfukoni. Angeniangalia kwa huruma kila Jumamosi, nami ningekuwa nashukuru. Mke mkubwa wa kushukuru. Afadhali nife.

Ijumaa alirudi mapema. Skrubu zikalegea, sita, mojawapo ikabidi aipige nyundo. Mzee kwenye kigoda chake. Mimi sikushika ungo siku hiyo, nilisimama tu. Mjukuu akainua kile kifuniko cha chuma cha juu ya tenki, na chini yake kukaonekana mkono wa waya wenye boya, kikopo cha shaba kinachotakiwa kuelea juu ya mafuta na kumwambia mshale yamebaki kiasi gani. Kilikuwa kimekwama. Kilikataa kutoka.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

Mjukuu akaingiza vidole, akazungusha, akavuta. Akatoka na kipande cha mti cheusi, chenye urefu wa kidole cha kati, kinachuruzika petroli. Kilikuwa kimeliminya lile boya chini kabisa miaka yote ile. Akakifumbata. Akanitazama.

"Kutu, babu."

"Si kutu," nikasema. "Mpe."

Hakusogea. Nikakichukua mkononi mwake mwenyewe, nikakiweka kwenye kiganja cha mume wangu.

Alikinusa. Alikipitisha kidole gumba, taratibu, mpaka kidole kikaingia kwenye alama. Kikakaa hapo.

"Huu ni mkole," akasema. "Kisu kilichochonga hapa ni changu."

"Ni chako."

"Kijiti kilivunjika lini?"

"Siku ulipompakia yule mwalimu wa Mvumi."

"Mwalimu gani?"

Nilidhani anatania. Nikamtajia begi, nikamtajia viatu vya kisigino, daftari la kujipepea. Akakunja uso akitafuta, akatikisa kichwa. Hamkumbuki. Miaka yote nimemweka yule mwanamke kifuani, nimezeeka naye, nimemvalisha na kumvua viatu vile, na mwenye gari hamkumbuki hata sura.

"Na unachopimia sasa?"

"Nilichonga mwenyewe."

"Kwa kukisia?"

"Kwa kukumbuka." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamalizia. "Na Jumapili mshale ulipanda. Jumatatu pia, na Jumanne. Nilikuambia uongo. Sikutaka geji ipone ukakaa kwenye kiti changu moja kwa moja."

 Mzee akainuka, akanyoosha mkono hewani, na mjukuu ndiye aliyeushika kwa sababu alikuwa karibu. Akamwongoza ndani. Mimi nikabaki na gari, tenki wazi, harufu ya petroli uani kote. Mjukuu akarudi. Alisugua kutu chini ya skrubu moja ambayo waya unashikia chuma, akasema huo ndio ugonjwa wa mwanzo kabisa, ule wa ulevi, kutu tu ya msasa wa dakika moja. Akafunga kila kitu. Akawasha. Mshale ukapanda ukasimama mahali pake kwa utulivu, na hakuna aliyeniuliza umesogea au vipi.

Chakula cha jioni mzee alikula. Alisema ugali una chumvi, na ugali hautiwi chumvi.

Jumamosi asubuhi niliamka kabla yao. Nikaenda kwenye gari, nikainua mto, nikapima. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikarudisha kila kitu, nikachukua makreti.

Mzee akatoka na kofia yake. Akashika bodi ya gari, akatembea akilipapasa, akafika mlango wa upande wangu. Nikasubiri aufungue. Akaupita. Akaenda mpaka nyuma, akatafuta pa kukanyaga, akapanda kwenye benchi.

"Kiti chako hicho, Mama," akasema. "Kaa."

"Na wewe?"

"Mimi na makreti."

Nikakaa. Mto ukanipokea kama siku zote. Jirani yangu wa Kondoa akatoka barazani, akaita, "Leo mke mkubwa yuko mbele," nami nikainua kidevu. Mjukuu akaondoa gari. Mbele yangu mshale ulikuwa unatikisika kidogo, mzima. Hapakuwa na mtu aliyeshika ufunguo akinisubiri. Gari liliwaka bila mimi.

Tulipoiacha nyumba ya mwisho nikageuka kwenye kidirisha. Nikaona kisogo cha mvi, peke yake, mkono mmoja umeshika kofia isipeperuke, vumbi linamzunguka. Nikatazama mbele. Nikageuka tena. Kiti nilikuwa nacho, chote, na kilikuwa kama kiti cha kanisani siku ya kazi.

"Simamisha," nikasema.

"Bibi, mafuta yapo."

"Nimekuuliza mafuta?"

Akasimamisha. Nikashuka, nikazunguka, nikakanyaga bampa, nikajivuta juu. Magoti yalilia.

"Nani?" akauliza mzee.

"Mimi."

"Unakuja kupima nini huku?"

"Sogea."

Akasogea. Kreti moja likaanguka, nikaliacha. Mjukuu akaendelea na safari, yeye mbele peke yake kama bosi, na mimi bado nilimwona na rasta zake kwenye kidirisha, na bado kilinichoma kitu kidogo hapa chini ya titi. Sitasema kimekwisha. Tukapita mizabibu ya kwanza. Mzee akautafuta mkono wangu, akaupeleka puani.

"Umepima."

"Nimepima."

"Ngapi?"

"Nne na nusu."

Akagonga kidirisha kwa kiganja. "Mke wangu mdogo, mshale unasemaje?"

"Robo tatu, babu."

Akahesabu midomo ikitembea. Alama sita, nne na nusu. "Mnalingana," akasema. "Alama zako ziko sawa." Akautua mkono wangu gotini kwake, akauacha hapo.

Mimi nilikuwa nimetamani mshale ukosee, hata kwa alama moja. Lakini aliniuliza mimi kwanza.